Ndama Nyuma ya Sikio

Kama ulikulia Wabera, mtaa wetu wa Isiolo, wakati barabara yetu ilikuwa mchanga mtupu na mbuzi ndio waliopita kwanza, hakuna haja nikueleze vumbi. Vumbi la Agosti liliingia nyumbani kabla ya mgeni, likaketi kitini kabla yake, likaonja chai kabla yake. Tulilikanyaga tukienda shule na kulitema tukirudi. Adhana ya magharibi ilipoanza, mama zetu walisimama milangoni wakiita majina, kila mmoja kwa wimbo wake, nasi tukakimbia nyumbani tukiwa rangi moja, watoto wa Kiborana, wa Kisomali, wa Kimeru na wa Kiturkana, wote kahawia.

Tuliruka bladda kwa mipira ya baiskeli iliyofungwa mafundo. Tulipika kalongolongo, mchanga ukiwa wali na majani ya mwarobaini yakiwa sukuma wiki. Mifukoni tulikuwa na deka, tunda dogo la kichakani ambalo akina mama kutoka Garbatulla walilipima kwa kikombe cha chai, na mbegu zake tulizitafuna mpaka taya zikachoka. Nyumbani kulikuwa na nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, iliyofichwa juu ya kabati kwa ajili ya wageni, na kila mtoto alijua njia yake ya kufika juu ya kabati.

Mimi nilikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho wenzangu hawakuwa nacho. Homa ilinipata kabla sijaanza shule, ikaondoka na sehemu kubwa ya usikivu wangu, na nilipofika darasa la pili Baba, aliyekuwa dereva wa lori la mifugo, alitupeleka mimi na Mama hospitalini Meru, nikarudi na mashine ya sikio. Ilikuwa imepinda kama mwezi mchanga, rangi yake kama chai yenye maziwa mengi. Ilikaa nyuma ya sikio la kushoto, na mrija mwembamba ukatoka juu yake, ukapinda, ukaingia kwenye kizibo laini kilichochongwa kwa umbo la sikio langu, wala si la mtu mwingine yeyote.

Siku ile ya kwanza niliketi jikoni na Akko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake Mama, aliyekuja kutoka Garbatulla kukaa nasi na vyombo vyake vya maziwa. Nilimuuliza ni nani anakanyaga majani makavu. Akatazama mlangoni, akatazama dirishani, kisha akaelewa kwamba ni makaa yanayolia jikoni. Chai ilikuwa imeshaiva. Hata hivyo akaongeza makaa mengine, tukaketi tukiyasikiliza.

Mashine ilikuja na masharti yake, na fundi wa masikio pale hospitalini alimsomea Mama kama mtu anayemkabidhi mtoto mchanga. Isiloe. Isilaliwe. Kabla ya kuoga ivuliwe, na kabla ya kupaka nywele mafuta, na siku ya kuosha nywele kwa unga wa majani ya qasil ikae mbali kabisa. Kila jioni mlango wa betri uachwe wazi, mashine ipanguswe kwa kitambaa kikavu, ilale ndani ya kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Kizibo peke yake ndicho kilichoruhusiwa kuonja maji, tena ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, baada ya kutenganishwa na mashine, na mrija upulizwe mpaka lisibaki hata tone. Mama alikariri yote hayo kama sura fupi ya Kurani.

Watoto wa Wabera nao walikuwa na masharti yao. Mtandio ukiligusa sikio vibaya, mashine ilipiga mluzi, na kwa sababu hiyo nikaitwa Redio. Tukicheza brikicho nilijificha vizuri kuliko wote, nyuma ya tangi la maji la kina Kendi, rafiki yangu ambaye baba yake alikuwa na duka, na bado nilikuwa wa kwanza kukamatwa. Nilijikunyata, mtandio ukabana, mluzi ukatoka. “Redio, shika stesheni,” Kendi alisema huku akinivuta mkono, akicheka mpaka akakaa chini. Nilikasirika kwa muda wa kupangusa magoti, kisha zamu yangu ya kutafuta ikafika.

Lakini darasani mambo hayakuwa mchezo. Miaka niliyopitwa na maneno ilikuwa imeniacha nyuma, na Baba alikuwa amesikia habari za shule ya bweni ya watoto wasiosikia, mbali, mji ambao lori lake lilifika mara moja kwa msimu. Hakuwa mkatili. Aliamini huko wangenifundisha vizuri zaidi. Alinunua sanduku la bati la buluu, lenye kufuli, akalisukuma chini ya kitanda changu. Mwalimu Kagendo, mwalimu wetu wa darasa, alimwomba asubiri mwisho wa muhula. Siku ya Jumatatu fulani angesoma hesabu za kichwa kwa sauti, darasa zima lijibu kwa maandishi, na kama ningeweza kumfuata ningebaki. Kwa hiyo kila nilipolala nililala juu ya lile sanduku. Nikigeuka, chaga za kitanda ziliguna, nami sikuzisikia, lakini nilizihisi mgongoni.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, mvua ilinyesha. Nani wa Isiolo anayeikimbia mvua? Tulitoka wote, midomo wazi, tukizunguka kama vichaa, na mimi nikakumbuka sikio langu maji yalipokuwa yameshafika shingoni. Mashine ilikwaruza kidogo, kama mtu anayekohoa ndani ya mtungi, ikanyamaza.

Mama alikuwa amekwenda Gotu kwenye matanga. Akko akaichukua mashine, akaitazama kwa muda mrefu, akaona ukungu wa maji ndani ya mrija. Kwa mwanamke wa Kiborana hilo halikuwa fumbo. Maisha yake yote alipambana na unyevu ndani ya vyombo, na dawa yake ilikuwa moja. Kila jioni alichoma kijiti cha ejersa, mzeituni wa porini, mpaka kikawa kaa jekundu, akakitia ndani ya gorfa, chombo chake cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi, akakitikisa, akafunika, mpaka chombo kikauke, kinukie, na maziwa yasichache. “Hii imelala na maji,” aliniambia, midomo yake ikienda polepole ili niisome. “Maji ni adui ya kila chombo. Ngoja mimi nitengeneze.” Akaifukiza gorfa kubwa, akamwaga makaa, na mashine yangu akaiweka ndani ya ule moshi wa moto, akafunika kwa upole wote aliokuwa nao.

Ilipotoka ilinukia vizuri ajabu. Mrija ulikuwa umekunjamana na kukakamaa, na vile vitundu vidogo vya kuingizia sauti vilikuwa vimezibwa na masizi.

Mama aliporudi Jumapili alikaa kitako sakafuni, mashine mkononi. Kumkemea mama yake hakuweza. Baba, aliyekuwa akiondoka na mzigo, aliichukua aipitishe Meru. Akainama, akalivuta lile sanduku la buluu mpaka katikati ya chumba, akatoka. Akko alitazama sanduku, akatazama gorfa yake. Usiku ule hakunywa maziwa.

Asubuhi ya Jumatatu alivaa nguo zake za Idi. Nilidhani anakwenda kuaga mtu. Alinishika mkono, tukatembea mpaka shuleni, na yeye ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja akaingia bila kubisha. Mazungumzo yale sikuyasikia. Kendi, aliyekaa dawati la mbele, alinisimulia mara nyingi hivi kwamba leo nayasikia kwa sauti zao.

“Mwalimu, salaam aleikum. Huyu mtoto haina makosa. Sikio yake mimi nimepika.”

Mwalimu Kagendo aliweka chaki chini. “Shosho, umepika?”

“Nimefukiza kama gorfa. Nilitaka kutoa maji.” Kendi alisema hakuna aliyecheka, hata wale wa nyuma. “Sasa baba yake analeta sanduku. Mimi nakuambia kitu moja. Sisi tukihama na ng'ombe, moja ikiumia mguu, hatuendi. Tunangoja.”

Mwalimu alitoka mbele ya darasa, akavuta kiti chake mwenyewe, akamkalisha Akko. “Basi nami nitangoja, shosho. Hesabu nitazisoma mashine ikirudi. Lakini kuanzia hapo wewe ndiye mchungaji wake. Kila asubuhi nitaikagua.”

Huko Meru, Baba alitusimulia baadaye, fundi aliinusa mashine, akauliza kwa heshima kama tunaikaanga au tunaichemsha. Aliisafisha, akaikausha, akabadilisha mrija, na mashine ikarudi na lori. Jioni ileile Akko alinisukia kamba nyembamba ya shanga, ncha moja kwenye mashine, nyingine kwenye kola ya gauni langu, jinsi anavyofungwa ndama asimfuate mama yake machungani. Tangu hapo mashine ikaitwa ndama. Jua likizama alimaliza kwanza vyombo vyake nje, akanawa masizi na mafuta mpaka viganja vikakwaruza, ndipo akaja ndani na kitambaa kikavu. Alifungua mlango wa betri kwa ukucha, akapuliza mrija, akakaza kifuniko cha kopo. Mimi nikiwa tayari kwenye ukimya wangu, aliinua kidevu changu nimwone akiuliza, “Ndama amefungwa?” Nikajibu, “Amefungwa, Akko.” Hapo ndipo siku ilipokwisha.

Mwalimu Kagendo alisoma hesabu zake. Ndama hakukohoa. Mbili nilizikosa, na hizo hata Kendi alizikosa. Baba aliliangalia daftari, akaliangalia tena kwenye mwanga wa mlango, kisha akalibeba sanduku la buluu mpaka jikoni. Likawa la kuhifadhia unga, na panya wa Wabera hawakumsamehe Baba kamwe.

Siku hizi lami imefika mpaka mlangoni na bodaboda ndizo zinazopita kwanza. Watoto wa mtaa wetu wote wana plastiki masikioni. Mama zao wanasimama milangoni magharibi, wanaita mpaka wanachoka, kisha wanatuma ujumbe kwa simu. Mimi niliwekewa plastiki nisikie nikiitwa, wao wanaiweka wasisikie. Mpwa wangu aliona mashine yangu akasema iko fiti, akauliza inacheza nyimbo ngapi.

Na kweli hii ya sasa ni hodari. Haina mlango wa betri. Jioni naipangusa, naiweka kwenye kijisanduku chake, taa ya kijani inawaka, na humo inajichaji na kujikausha bila kumsumbua mtu. Ile ya zamani ninayo bado ndani ya kopo lake. Nikiinusa kwa makini, moshi wa ejersa ungali kwenye kiungo cha mrija, mahali ambapo kitambaa cha fundi hakikufika. Kisha nakaa kwenye ule ukimya wangu wa zamani, ambao haujabadilika hata kidogo, na nagundua nimeinua kidevu, na kwamba chumbani hamna mtu wa kuuliza.

Amefungwa, Akko.