Kitabu Alichokichoma Agnesi

Nilipokuwa na miaka kumi na moja tulikaa Bagara kwa Bibi mzaa mama, na Bibi alikuwa na mwiko mmoja asiouchezea: hadithi isisimuliwe mchana, mtu aliye safarini atapotea. Hadithi zake zilingoja jua lizame. Mama yetu alikuwa akiwapikia wachimbaji kule Mirerani, na kwetu kurudi kwake ndiyo ilikuwa Krismasi yenyewe. Pilau ilifuata nyuma.

Mwaka huo, mkoa wa Manyara ukiwa bado mpya, alitanguliza mzigo kwa kondakta wa basi: magauni mawili na kitabu cha hadithi chenye picha. Aliagiza kwamba mimi, Paulina, nimsomee mdogo wangu Agnesi, wa miaka mitano, kila siku mpaka yeye afike.

Sasa niseme wazi. Nilikuwa darasa la tano na sikujua kusoma. Nilinakili ubaoni kama mtu anayechora, mwalimu akatia vema, nikapanda darasa. Nyumbani hakuna aliyejua.

Agnesi aliponiletea kitabu nilimfokea. "Hadithi ikisomwa mchana Mama atapotea njia. Muulize Bibi." Jioni nikasema kichwa kinauma. Kesho yake vivyo hivyo.

Mkesha wa Krismasi mabasi yaliingia stendi, Mama hayumo. Asubuhi tukaenda kanisani bila yeye. Tuliporudi, Bibi akiwa nje anachambua mchele, Agnesi alisogea kwenye mafiga akakisukuma kitabu motoni, taratibu, kama anayeongeza kuni. Siku mbili hizo alikuwa amekifungua mchana akawasimulia kuku zile picha, kwa hiyo alijua ni yeye aliyempoteza Mama. Niliona yote. Sikumzuia.

Saa kumi Mama akatokea, vumbi mpaka kwenye nyusi. Basi lilikuwa limeharibika Magugu. Hajakaa vizuri akaulizia kitabu.

"Nimekichoma ili urudi," Agnesi alimwambia, na furaha yake yote usoni. "Hadithi za mchana zilikuwa zinakupoteza."

Mama akamgeukia Bibi. "Mama, haya mambo yako ndiyo unawajaza watoto? Mpaka wanachoma vitabu?"

Bibi alikuwa ameniambia mara mbili nimsomee mtoto, kwamba kitabu ni mambo ya shule, hakimo kwenye mwiko wake. Angeweza kulisema hilo. Alinitazama tu, akaningoja. Nikachukua ndoo nikaenda bombani. Niliporudi alikuwa ameshamwomba radhi mwanawe.

Kusoma nilijifunza mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa magazeti ya kufungia maandazi. Watu wananijua kwa hasira za karibu na kumsema mtu usoni. Nimegombana na majirani kwa uongo mdogo kuliko ule. Bibi alikufa sijamwambia neno.

Agnesi nilimwambia mwaka jana, nilipomkuta anawangojesha wanawe na kitabu chao cha sikukuu mpaka magharibi. Alinisikiliza huku anakunja nguo.

"Lakini dada," akasema, "Mama si alifika?"

Nilitaka anifokee, kama ambavyo mimi ningemfokea. Alinisamehe hata sijamaliza kuomba. Ila si yeye aliyebeba kosa langu mbele ya mwanawe siku ya Krismasi. Aliyelibeba tulishamzika.