Kidole Kwenye Picha ya Mke Wangu

Wiki jana niliingia studio moja mjini Meru kuchagua picha ya marehemu mke wangu. Ilikuwa ya kuwekwa mbele ya kanisa kwenye ibada ya shukrani, mwaka mmoja tangu tumzike.

Mpiga picha, msichana mpole, alifungua picha mbili kwenye kompyuta. Ya kwanza aliipiga mwenyewe kwa kamera yake kubwa ya kisasa, kwenye harusi ya binti yetu.

"Tazama, mzee, hata kope zinahesabika."

Kweli zilihesabika. Lakini mke wangu alikuwa amesimama wima, mikono imenyooka, mdomo umefungwa, vile sisi watu wa Githongo husimama tukiona kamera ya maana.

Ya pili niliipiga mimi kwa kamera ndogo ya mfukoni. Yuko shambani kwenye kahawa, debe la kuchumia kiunoni, anacheka mpaka amefumba macho.

"Hii ikikuzwa itakuwa na ukungu," msichana alisema. "Na kuna kidole kimeziba kona."

"Ni changu."

"Nikitoe? Ni dakika moja tu."

"Hapana, mwanangu. Hicho ndicho alichokuwa akicheka. Aliniambia, 'Baba, unapiga picha yangu ama ya kidole?'"

Msichana aliachilia kipanya. "Basi kikae, mzee."

Jumapili kanisa lote lilimwona akicheka. Namshukuru Mungu kwa kamera kubwa za vijana wetu. Lakini ningekuwa na moja siku ile shambani, kidole changu kisingeifikia lenzi, na mke wangu angesimama wima.