Mtoto wa Plastiki

Jumapili fundi cherehani alinunua sanamu ya kuvishia nguo, ya plastiki, haina kichwa, saizi ya mtoto wa miaka minne. Akamsimika mlangoni na kumsifia kwa kila mteja: huyu hatikisiki, hakojoi, haombi biskuti. Binti yake wa miaka minne alikuwa chini ya meza akisikiliza.

Jumatatu binti akaamka kageuka. Huyu alikuwa mpole kama maji mtungini, leo anamng'ata mteja paja huku anapimwa kiuno. Jumanne alimwaga chai kwenye gauni jeupe la oda. Jumatano alijitupa sakafuni, akapiga mateke mpaka kiatu kikaruka kikatua kwenye cherehani.

Ushauri ulimiminika bure, kama kawaida ya ushauri mbovu. Mteja mmoja mwenye sketi alisema achapwe angali mbichi. Shangazi mtu alisema ndiyo damu ya upande ule, na upande ule ni wa fundi. Fundi alifinya, akabembeleza, akatoa biskuti. Mtoto alikula biskuti zote, akafuta mdomo, akarudi kung'ata.

Lakini fundi hakuumizwa na meno. Kilichomuuma ni kwamba shetani huyohuyo, akiingia kwa msusi wa mlango wa pili, aligeuka malaika. Alikaa kwenye kigoda saa nzima akishika vibanio. Kicheko chake kilipenya ukuta, na wivu ukamkwama fundi kooni kama pini aliyoisahau mdomoni. Akawa anashona huku anasikiliza. Wamecheka mara tatu. Wanacheka nini? Lazima anampa peremende. Lazima anamtia maneno. Mshono ukaenda kombo, akaufumua, akamlaumu msusi na kwa hilo.

Alhamisi uzalendo ukamshinda. Akaenda kwa msusi, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Jirani, kama unataka mtoto, zaa wako."

Mteja aliyekuwa akisukwa akajifanya kiziwi. Msusi hakuacha kusuka.

"Mimi nampima kichwa tu, mama," alisema. "Kila asubuhi ananiomba nimpime. Nachukua uzi, nampima, namwambia kimekua, basi anaridhika. Peremende ningekuwa nazo ningekula mwenyewe."

Fundi alishika mkanda wake shingoni. Mpaka Jumapili, kila gauni la mtoto lilikuwa likijaribiwa kwenye mwili wa binti yake. Alimsimamisha juu ya stuli, mikono pembeni, na pini ikimchoma kwa bahati mbaya, alimpa busu la fidia. Sanamu alimnunua ili mtoto apumzike. Nani alimwambia kwamba mtoto amechoka?

Akamwomba msusi yaishe, kwa sauti ndogo kama ya mbu, akambeba binti yake mpaka dukani. Akamtupa yule wa plastiki nyuma ya mapazia. Akavuta stuli.

Mtoto alipanda bila kuambiwa, akatandaza mikono. Fundi akapima mabega, kifua, kiuno, urefu, polepole kuliko anavyompimia mteja yeyote. Akaanza kukunja mkanda.

"Bado kichwa," mtoto alisema. "Jirani anapima na kichwa."

Pini ya wivu ikasogea tena kooni. Fundi akaimeza, akauzungusha mkanda kwenye nywele zile.

"Kimekua," alisema, na akahakikisha sauti imepenya ukuta.