Wimbo wa Mama Usioishia Do

Siku yangu ya kwanza kazini niliondoka Muleba na basi la alfajiri, gitaa nimelifunga kwa kitenge cha mama kwa sababu sikuwa na mfuko wake. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilimweleza tena kwamba nimeajiriwa Bukoba, kwenye kituo cha muziki cha kanisa, niwafundishe vijana wa kwaya kupiga gitaa. Hakuinua macho.

"Haya, Asimwe," alisema. "Ukimaliza kucheza huko, utafute na kazi."

Hakusema kwa ubaya. Dada yangu alikuwa muuguzi, kaka yangu fundi wa mitambo ya kukoboa kahawa, na kazi zao zilionekana kwa macho. Yangu ilikuwa kitu wanachofanya watu wakishamaliza kazi. Nilipanda basi nimenuna, na njia nzima nilikuwa naimba kimoyomoyo wimbo wake.

Niueleze wimbo huo, maana ndio uliobeba maisha yangu yote ya kazi. Ni wimbo wa mwanamke aliyeanika kahawa yake kwenye mikeka, anaisihi mvua isubiri kidogo hadi ikauke. Mama aliupata kwa mama yake, na tangu utoto wangu sikuwahi kumsikia mtu mwingine akiuimba. Nilikuwa nimejaribu mara nyingi kumpigia gitaa anapoimba, na kila tulipofika mwishoni alinyamaza ghafla, ananitazama. "Umenikata," alikuwa akisema. Nikimuuliza nimemkata wapi, hajui. Basi nilijiapia ndani ya lile basi: siku mama atakapouimba wimbo wake hadi mwisho juu ya gitaa langu bila kusimama, siku hiyo atajua ninachofanya ni nini. Sikujua ningezeeka nikiitafuta.

Mkuu wa Kituo alikuwa mtu mrefu, mwenye tai hata Jumamosi. Mazungumzo yetu ya kwanza yalichukua muda mfupi. Alinikalisha kwenye benchi la ukumbi, madirisha yanatazama ziwani, akaniambia nipige ngazi ya do. Ngazi ni noti zinazopandana kwa mpangilio, na hiyo kila mwanakwaya anaijua: do, re, mi, fa, so, la, ti, halafu do tena. Nikapiga.

"Sasa anzia re, uishie re. Usiongeze noti wala usipunguze."

Nikapiga.

"Umepata nini?"

"Nimepata ngazi ya do iliyochelewa kuanza, Mkuu."

Alicheka hadi akavua miwani. "Jibu hilo litakusumbua sana, binti. Ulichopiga ni modi. Noti ni zilezile, lakini si ngazi ya do. Siku ukijua kwa nini, njoo uniambie."

Kwa nini asinieleze yeye mwenyewe? Nilimkasirikia kwa hilo, lakini leo nadhani alikuwa ameshaona kwamba mimi ni mtu wa kuchokozwa. Alitufundisha sisi walimu wake modi zote saba kwa majina yake ya Kigiriki: ayonia inayoanzia do, doria inayoanzia re, kisha frijia, lidia, miksolidia, eolia na lokria. Hilo la pili lilituchekesha kwa sababu ya polisi. Alitueleza pia toni na nusu toni. Shingo ya gitaa ina vipande vyembamba vya chuma vinavyoikata, tunaviita freti. Ukisogea freti moja umekwenda nusu toni, ukiruka moja umekwenda toni nzima. Katika ngazi ya do, nusu toni zipo kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Ukianzia re, zile nusu toni zinahamia mahali pengine pa safari, ingawa barabara ni ileile.

Niliyakariri yote. Nilijua kupanda na kushuka modi saba kwa kasi hadi vijana wakapiga makofi. Nilipokwenda nyumbani likizo nikajaribu wimbo wa mama kwa doria, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba unaanzia re. Niliupiga vizuri sana, kwa madoido. Mwishoni mama akanyamaza.

"Umenikata," alisema, akarudi kwenye ndizi zake.

Ninyi mnaojifunza kwa simu siku hizi mtalitambua kosa langu, kwa sababu nawaona mkilifanya vilevile. Vidole vyangu vilianzia re, lakini masikio yangu yalibaki do. Chini ya wimbo nilikuwa napiga kodi ya do, yaani noti tatu zinazolia pamoja, do na mi na so, na kila sentensi ya wimbo ilipoisha niliivuta irudi huko. Sisi tuliokulia kwenye kwaya tulifundishwa hivyo tangu shule ya Jumapili. Mwalimu anatoa do, wimbo unazunguka, mwisho kila mtu anarudi do na kukaa chini. Hatukujua kwamba wimbo unaweza kuwa na kwao kwingine.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Muleba, kuzunguka sharika nikifundisha kwaya. Bosi wangu huko alikuwa Mratibu wa Kwaya, mtu wa haki lakini mgumu. Niliwahi kumuuliza kama tungeweza kuimba wimbo mmoja wa kienyeji unaoishia re.

"Mwalimu," aliniambia, "wimbo usiofika do haujafika."

"Labda haukuwa unakwenda huko, Mratibu."

"Basi umepotea. Watafutie mwingine."

Sikubishana zaidi, kwa sababu ukweli ni kwamba hata mimi sikuweza kumwonyesha wimbo huo ulikuwa unakwenda wapi. Nilibaki na swali tu. Lilinifuata kwenye barabara za vumbi, kwenye vibanja vya migomba, kwenye mahubiri marefu, na lilikuwa linanifurahisha kuliko kazi yenyewe.

Jibu lake la kwanza lilitoka kwenye baiskeli. Uzi mnene wa gitaa langu, ule wa besi, ulikatika, na Muleba wakati huo hapakuwa na duka la nyuzi. Fundi baiskeli akanichambulia waya wa breki, nikaufunga. Kwa kawaida uzi huo hukazwa hadi utoe mi. Waya wa breki ulikataa. Kila nilipoukaza ulitoa mlio wa kutisha, nikaogopa utaning'oa jicho, nikaulegeza hadi ukatulia kwenye re. Nikasema potelea mbali, nitaupiga hivyohivyo.

Jioni ile nilikuwa kibarazani kwa mama najaribu waya wangu. Ulikuwa unalia kwa muda mrefu, re nzito isiyotaka kuisha. Nikawa napitisha juu yake noti za ngazi ya do, moja moja, bila nia yoyote. Nilipofika do, mahali ambapo maisha yangu yote nilikuwa nakaa na kupumzika, nikashtuka. Do haikuwa imetulia. Ilikuwa inaning'inia kama mtu aliyesimama mlangoni hajui aingie au atoke. Nikapanda noti moja, nikafika re, na kila kitu kikakaa.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Ilikuwa haijalishi unaanzia wapi! Modi haipatikani kwa kuanza, inapatikana kwa kile kinacholia chini, kinachoyaambia masikio kwamba hapa ndipo nyumbani. Noti zilezile, nyumba nyingine. Nilisafiri hadi Bukoba kumwambia Mkuu wa Kituo, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu. Alinisikiliza na tai yake, akasema, "Umechelewa, lakini umefika," akaniagizia chai.

Lakini kabla ya safari hiyo, jioni ileile, mama alikuwa amesikia waya wa breki. Alitoka jikoni na kisu mkononi. Nikampigia wimbo wake juu ya ile re, akaimba. Alivuka sentensi ya kwanza, akavuka ya pili. Kisha katikati, pale mwanamke anapoitaja mvua kwa jina, akasimama.

"Sasa umefika kwangu," alisema taratibu, akitafuta maneno. "Lakini umeingilia mlango wa jirani."

"Mlango upi, Ma?"

"Mimi nitajuaje, waitu, mwanangu? Mwenye gitaa ni wewe."

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko pote. Nilihamishiwa tena Bukoba, nikaajiriwa na studio ya redio kupiga gitaa kwenye matangazo na nyimbo za kwaya zilizorekodiwa pale, nikapanga chumba Kashai, nikajenga, nikafundisha watu wazima kwa vijana. Kila nilipokwenda Muleba tulijaribu, na kila mara mama alisimama palepale kwenye mvua. Nilibadilisha kila kitu nilichoweza kukifikiria. Nilibadilisha mwendo, nikabadilisha nyuzi, nikapiga kwa kidole gumba tu. Mama alianza kuzeeka. Sauti yake ikapungua, akawa anapumzika katikati ya sentensi, nami nikaanza kuogopa kwamba nitaupata mlango siku ambayo hatakuwepo wa kuniambia niingie.

Katika mwaka wangu wa mwisho wa kazi dada yangu alinitumia kwa simu sauti ya mama akiimba huku anamenya ndizi. Msimamizi wa studio, bwana mdogo ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, alikubali tuiweke kwenye mashine tukiwa hatuna kazi. Tuliipunguza kasi. Tukakata pale kwenye mvua, tukaisikiliza noti ile moja ikijirudia.

"Ma Asimwe, nipigie unavyopigaga wewe," alisema.

Nikapiga.

"Wewe unashuka. Mama hashuki."

Nikatazama kidole changu. Alikuwa sahihi, na nilijua mara moja kosa limetoka wapi. Nyimbo zetu za huzuni kanisani kwao ni la, ile modi ya eolia. Nilipoihamisha nyumba kwenda re, nilihamisha na huzuni yote ya la, pamoja na noti yake ya sita iliyo chini, na ukihesabu kutoka re noti ya sita ni ti. Bila kufikiri nilikuwa naishusha ti kwa nusu toni, freti moja tu, kila nilipofika pale, na kodi ya so chini yake, yenye ti ndani, naifanya kuwa ya huzuni pia. Lakini doria haishushi. Ti inabaki juu, na kodi ya so inabaki angavu. Wimbo wa mama haukuwa wa msiba hata kidogo. Mwanamke yule alikuwa anaamini kwamba mvua itasubiri.

Freti moja. Nilikuwa nimeuchukua wimbo wenye matumaini na kuufanya kilio, kwa sababu tu niliwahi kufundishwa kwamba nyimbo za wazee huwa za huzuni.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Kulikuwa na soda, keki na hotuba, na Msimamizi alinipa mkanda mpya wa gitaa. Vijana wananiuliza kama ninajutia kutumia maisha yangu kwenye vitu vidogo hivi. Sijutii. Nilipata mshahara wa kutafuta kitu ambacho ningekitafuta hata bure. Ninachowaomba ni kimoja: msikariri majina saba mkadhani mmezijua modi. Achieni uzi mmoja ulie, mkae juu yake siku nzima, msikilize kila noti inavyojisikia ikiwa mbali na kwao. Ni kazi ya polepole na haina mtu wa kuipigia makofi.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilihamia kwa mama, Muleba. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani, haonekani vizuri ndani ya shuka zake, na ndizi sasa anamenyewa na wengine. Nikalegeza uzi wa besi hadi re. Sikumwambia lolote. Nikaanza, naye baada ya muda akaanza, sauti nyembamba, akipumua kila mahali. Tukafika kwenye mvua. Kidole changu kikabaki juu, kwenye ti. Mama akapita. Akapita bila hata kugundua kwamba pale palikuwa na mlango, akaendelea kuisihi mvua yake hadi mwisho, akakaa kwenye re, na re ikaendelea kulia chini yake.

Alifunga macho, akanipungia mkono nianze tena, tukaanza tena. Nilikuwa nalia na sikuwa na mkono wa kujifuta.

Katikati ya safari ile ya pili, jirani yetu Ma Kokugonza aliingia uani, akaniona nimekaa na gitaa mchana kweupe.

"Asimwe, waitu, kwa kuwa umekaa tu, njoo unisaidie kuanua maharage, wingu hilo."

Mama alifungua macho, akainua kiganja kumzuia.

"Mwache," alisema. "Yuko kazini."