Diski Nne za Boksi Moja

Mwanangu, ipo siku moja ya Ijumaa ambayo hadi leo sijaisahau. Nimekuita ukae hapa kwa sababu mama yako, mdogo wangu, ameniambia umepata kazi ya kompyuta hospitalini, na kwamba wewe ndiye utakayechagua diski za kuhifadhia kumbukumbu za wagonjwa. Alinieleza kwa furaha. Mimi niliposikia niliingiwa na hofu.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinapanda mlimani, na madaktari walikuwa wamesharuhusiwa kufungua zahanati zao wenyewe. Dokta Elipokea, mtu wa Mwika aliyeacha kazi serikalini, alikuwa nazo tatu: moja kwao Mwika, ya pili Himo karibu na njia panda, ya tatu Kiboriloni nyuma ya soko. Wagonjwa wake hawakutulia mahali pamoja. Mama analala Mwika, anauza ndizi Kiboriloni, homa inamshikia Himo. Kadi yake ya karatasi inabaki huko asikokuwako. Daktari akaniajiri, mimi niliyekuwa nimetoka kusomea kompyuta Dar es Salaam, nimwondolee tabu hiyo.

Nikaweka kompyuta moja kila zahanati, na kila kompyuta ikashika kumbukumbu za zahanati zote tatu. Mgonjwa akiandikwa Himo asubuhi, mashine zinapigiana simu zenyewe, na kabla ya jioni habari zake ziko Mwika na Kiboriloni. Mashine moja ikifa mbili zinabaki, na ile iliyokufa ikitengenezwa inajazwa upya na zile mbili. Nilijivunia, mwanangu, tena sana. Kadi za karatasi, tulipokwisha kuzinakili kwenye mashine, tukazichoma nyuma ya zahanati, na mimi mwenyewe ndiye niliyewasha kiberiti.

Kabla ya hapo zilitakiwa diski, kile kisanduku kidogo cha chuma ndani ya kompyuta ambamo kila kitu kinaandikwa. Nilizinunua nne kwa mfanyabiashara aliyeleta mzigo kutoka Dubai, tatu za kutumia na moja ya akiba. Nikazipeleka mjini Moshi kwa Mzee Harbans, Singasinga mwenye karakana, anifungie kwenye kompyuta. Mzee yule alikuwa anatengeneza redio tangu sijazaliwa, na uzeeni akajifunza kompyuta.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba binti." Alivaa miwani, akazipanga diski mezani, akasoma namba zilizoandikwa mgongoni. "Zote zimetoka boksi moja?"

"Boksi moja, mzee. Hata namba zimefuatana."

"Hizi ni za kompyuta ya mezani ofisini. Inawashwa asubuhi, inazimwa watu wakienda nyumbani. Zako zitazimwa saa ngapi?"

"Hazitazimwa."

Akazitenga mbili pembeni. "Basi rudisha mbili, uchukue za aina nyingine, zilizotengenezwa kwa kazi ya mfululizo. Hizi zimetoka kiwandani siku moja. Moja ikiwa na kasoro, zote zinayo."

"Mzee, nina nakala tatu. Haziwezi kufa zote kwa pamoja."

"Kwa nini zisiweze?" akaniuliza.

Nilitabasamu tu, kama msomi anayemvumilia mtu wa zamani. Moyoni nilijua anataka kuniuzia zile za kwake zilizokuwa kwenye rafu. Alinifungia zangu.

Zilifanya kazi miezi minane bila shida. Kisha Jumatatu moja ya kiangazi, vumbi la Himo likiwa limejaa kila mahali na umeme ukikatika na kurudi, diski ya Mwika ikafa. Sikushtuka. Nilipanda na ile ya akiba, nikaifunga, nikaiamuru ijazwe upya kutoka Himo. Ile ya Himo ikafanya kazi kubwa kuliko siku zote, kutwa nzima inasomwa bila kupumzika. Jumanne kabla ya saa sita ikaanza kugonga, tik, tik, tik, kama kucha juu ya bati. Saa nane ikanyamaza. Ile mpya ya Mwika ilikuwa haijajazwa hata nusu, na Jumatano nayo ikaanza kugonga vilevile.

Hapo ndipo nilipomwelewa Mzee Harbans. Nikakaa juu ya gunia la pamba za zahanati.

Ilibaki moja tu, ya Kiboriloni, nayo ilikuwa ndugu yao. Nilipaswa kwenda kwa daktari saa ileile. Sikwenda. Nilimwogopa, niliogopa kuchekwa na watu, niliogopa hata kumpigia simu Mzee Harbans. Wauguzi wa Mwika na Himo nikawaambia simu zina hitilafu, waandike kwenye karatasi kwa muda. Alhamisi nilishinda Kiboriloni nikiisikiliza mashine ile kama unavyomsikiliza mtoto mwenye pumu. Nilijaribu kunakili kilichomo kwenye vidiski vidogo vya plastiki vya kubeba mkononi, kimoja baada ya kingine, na kila nilipoigusa nilihofu naiua.

Ijumaa saa nne asubuhi akaletwa mama mmoja juu ya mkokoteni kutoka sokoni. Wenzake waliomleta walisema anaitwa Mama Haika, anauza ndizi, ameanguka kwenye meza yake. Alikuwa anawaka homa, kifua kinakoroma, hajui alipo. Dokta Elipokea akampima, akasema ni mapafu, akamwambia muuguzi avute sindano ya penisilini. Kisha akanigeukia.

"Anande, kumbukumbu zake zinasemaje? Kuna dawa inayomdhuru?"

Nikaandika jina. Kioo cha kompyuta kikaganda. Ndani ya mashine nikasikia tik, tik, tik, halafu kimya.

Mwanangu, sitakuficha. Maneno "hakuna kitu, Dokta" yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Yangeniokoa. Angedhani nimesoma, angemchoma, na mimi ningepata siku nyingine ya kutafuta la kufanya. Muuguzi alikuwa anapangusa mkono wa yule mama kwa spiriti. Nilimwona mama yule anavyohangaika kuvuta pumzi, mdomo wazi, kitenge chake kimejaa vumbi la sokoni.

"Sijui," nikasema. "Mashine imekufa. Za Mwika na Himo zilikufa Jumatatu na Jumanne. Nilikuficha."

Daktari hakunitazama. Aliitazama sindano. "Weka chini," akamwambia muuguzi. Akaagiza dawa nyingine, ya taratibu zaidi, kisha akachukua simu kupiga Himo, pengine huko wanamkumbuka. Laini ilikuwa haishiki. Alipiga na kupiga, na mimi nimesimama ukutani nikihesabu pumzi za yule mama, nikihofu kila moja kuwa ndiyo ya mwisho.

Hatimaye Sista Felista, muuguzi wa Himo, akapokea. Sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Mama Haika wa ndizi? Dokta, huyo msimguse kwa penisilini. Mwaka juzi alivimba koo hapa mikononi mwangu, tukadhani ametutoka. Si niliyatoa mwenyewe kwenye kadi yake nikayaingiza kwenye mashine?"

Mama Haika alipona, baada ya siku nyingi. Dokta Elipokea hakunifukuza. Jioni ile aliniambia jambo moja tu: "Ungesema hakuna kitu, ningemchoma." Hakurudia tena, na hakuhitaji kurudia.

Mzee Harbans alizihangaikia diski zile wiki nzima, akaokoa sehemu. Hakunikumbusha alichoniambia, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza. Yaliyopotea niliyafuata kwa miguu, nikipita migombani nyumba kwa nyumba, Mwika yote, na daftari kwapani. Mtoto huyu amechanjwa nini? Bibi, ile dawa ya presha iliitwaje? Mama mmoja alinikaribisha bakuli la mtori wa ndizi, akanijibu kwa upole, kisha akauliza, "Lakini haya yote si tulishawaeleza?" Nikaweka bakuli chini.

Basi sikiliza. Usinunue diski zote mahali pamoja wala za namna moja, maana nakala tatu zenye kasoro ileile ni nakala moja tu. Uliza kama zimetengenezwa kwa kazi utakayozipa, si kama zinaonekana mpya. Jua kwamba diski moja ikifa, zilizobaki ndizo zitakazobeba mzigo wa kuijaza mpya, na huo ndio wakati wa kuziogopea. Weka nakala nyingine pembeni, isiyoguswa na mashine yoyote. Mzee akikuuliza swali usiloweza kulijibu, usitabasamu. Nenda kalitafutie jibu. Na diski ya kwanza ikifa, mwambie mkubwa wako siku hiyohiyo, hata kama sauti yako inatetemeka. Yangu ilitetemeka nikiwa nimeshachelewa siku nne.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe masikio ya kusikia mapema na ulimi usioogopa kusema sijui. Wote ambao majina yao utayatunza, awarudishe nyumbani kwao wakiwa wazima.