Dawa Ndani ya Simenti

Mume wangu alikuwa fundi mwashi, na hakuna simenti aliyopata kuiona akaacha kuitolea kasoro. Tukienda kanisani, macho yake yalikuwa kwenye nyufa za ukuta. Tukialikwa harusini, aligonga nguzo ya ukumbi kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa, ndipo akaketi kula. Nilimwambia mara nyingi kwamba ananiaibisha, naye alinijibu kwamba aibu ni ya aliyejenga. Kwa hiyo sikushangaa siku ile kwenye kliniki ya meno, mjini Songea, alipoinuka kitini na pamba yake mdomoni ili atazame daktari anakoroga nini.

Wakati huo alikuwa ameshaanza matibabu ya saratani ya damu. Tulikuwa tukipanda basi hadi Dar es Salaam, anatundikiwa dripu za dawa, halafu tunarudi nyumbani Bombambili akiwa hana nguvu hata ya kufunga kamba za viatu. Madaktari wa kule walituonya kuhusu mdomo. Walisema dawa zile zinashusha kinga ya mwili, na jino moja bovu linaweza kummaliza kabla ya saratani yenyewe. Na yeye jino hilo alikuwa nalo, gego la kushoto lililovunjika nusu. Nilikuwa nimempigia kelele juu yake miaka na miaka, jibu lake likawa kwamba haliumi.

"La kuvunda halina ubani," alimwambia daktari wa meno. "Wewe ling'oe tu, mwanangu."

Daktari alikuwa binti wa umri wa kifungua mimba wetu, mwenye sauti ya chini, aliyetusalimia shikamoo kabla hata hatujavuka kizingiti. Alikataa kung'oa. Alisema kwa damu aliyokuwa nayo, kidonda kingechelewa kufunga na kingekaribisha maradhi. Angesafisha mizizi, kisha angelivika jino kofia ya muda. Siku madaktari wa Dar watakaposema damu imekaa sawa, ndipo atatengeneza kofia ya kudumu. Hadi hapo kofia ingeshikizwa kwa simenti laini inayobanduka, ili kila tukirudi aifungue achungulie chini yake kama kuna kinachooza.

Simenti yenyewe ilikuwa unga mweupe na mafuta yanayonukia karafuu. Humo akatia unga mwingine, kidogo sana, kwa ncha ya kijiko. Mume wangu akauliza ni wa nini. Daktari akaeleza kwamba simenti ya muda haizibi sawasawa, mate hupenya pembeni na vijidudu hufuata, kwa hiyo anaiwekea dawa ya kuviua.

"Kama sisi na dawa ya mchwa kwenye msingi," mume wangu akasema.

"Hivyohivyo, baba."

"Ukizidisha je?"

"Nikizidisha, simenti haishiki."

Mtu wangu akajilaza tena kitini ameridhika. Tangu augue sikuwa nimemwona akizungumza na daktari bila kuinamisha kichwa, na kwa hilo tu nilimpenda yule binti.

Kazi ilipokwisha, simenti iliyobaki ilikuwa imeganda kwenye kibao cha kukorogea. Akaomba aishike. Akaiminya kwa ukucha wa kidole gumba, namna alivyokuwa akipima lipu ya vijana wake, na ukucha ukazama ukaacha alama. "Hii ni ya kuvunjwa," akasema, na akacheka. Daktari akamwambia ni kweli, na kwamba kwa sababu hiyo ni marufuku kutafunia kushoto, hata muhogo.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila tukitoka Dar tulipitia kwa daktari. Anabandua kofia, anachungulia, anasafisha, anakoroga simenti mpya, anatia dawa, anarudisha kofia. Mume wangu anaomba kibao, anazamisha ukucha, anacheka. Mimi niliyekuwa nikiketi pembeni na mkoba mapajani nilianza kuipenda ile simenti mbovu. Maadamu ukucha unazama, kuna kofia nyingine mbele, na kuna mtu wa kuivaa. Hivyo ndivyo nilivyojipa moyo, na sikumwambia mtu.

Nyumbani nilikuwa mkali. Kina mama wa jumuiya walikuja kusali rozari, nao walizoea kunong'ona sebuleni utadhani maiti ipo chumbani. Nikawaambia mgonjwa wangu ana masikio, anasikia, na kama wanataka kulia wakalie kwao. Hawakununa, au walinuna wakanisamehe. Mume wangu, aliyezoea kuniita kwa kazi yangu ya ualimu, aliniambia, "Mwalimu, utawafukuza watu wote, halafu atanibeba nani?" Sikucheka.

Safari ya mwisho ya Dar walituambia dawa hazisaidii tena, na kwamba apumzike nyumbani kwanza. Mimi nililishika hilo neno "kwanza" kwa mikono miwili.

Baada ya muda kofia ikaanza kucheza. Hakutaka kwenda kliniki, akasema amechoka kuhangaishwa. Mgonjwa haulizwi uji. Nikaita bajaji, dereva akanisaidia kumbeba. Daktari alikuwa amekwishazungumza na wenzake wa Dar kwa simu, kama kawaida yake. Alimsalimia, akabandua kofia, akasafisha. Kisha akageukia meza, akakoroga.

Nilijua kuna jambo kwa sababu ya harufu. Haikuwepo karafuu. Wala sikumwona akichukua ile ncha ya kijiko. Alirudisha kofia, akamwambia aume pamba, na mume wangu akauma. Muda ulipopita akanyoosha mkono kuomba kibao. Daktari alisita kabla ya kumpa.

Ukucha haukuzama. Akajaribu tena, akakaza kidole. Akarudisha kibao taratibu, akafumba macho.

"Mbona leo hukuweka dawa?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko chumba kile.

"Hii haihitaji, mama. Hii haitabanduka."

"Na kofia ya kudumu?"

Daktari alikuwa ametugeuzia mgongo, ananawa mikono ambayo ilikwisha kutakata. "Tumpumzishe baba," akasema. "Sitaki apande tena kwenye kiti hiki. Hata kutafuna sasa atafune tu."

Nilifungua mdomo nimtolee yote niliyokuwa nayo. Mume wangu akainua mkono. "Mwache, Mwalimu. Kazi yake nzuri."

Kwenye bajaji alinilalia begani, mwepesi kupita kiasi. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Hakuna fundi anayetia simenti kali kwenye kitu atakachokivunja kesho." Nikamwambia anyamaze, anajichosha. Nilikuwa nimejaa hasira. Madaktari wakubwa wa Dar hawakuthubutu kumwambia, halafu huyu mtoto amwambie kwa kibao cha kukorogea. Nilifika jikoni, nikafungua bomba ili maji yapige kelele, nikalia.

Alifariki kabla mvua hazijaisha.

Daktari alikuja msibani. Alivua viatu, akafunga khanga kiunoni, akaketi mkekani kando yangu. Nilikuwa nimempangia maneno makali tangu siku ile, na nilikuwa bado nayo, kila neno mahali pake. Akanipa pole. Kisha akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Lile jino, mama, lilimsumbua tena?"

Mwisho wake ulikuwa mgumu. Mifupa ilimuuma, mgongo ulimuuma, hata shuka lilimuuma. Nikatafuta jino katika yote hayo, na sikuliona.

"Hapana," nikamwambia. "Siku chache kabla, aliniomba muhogo wa kuchoma. Alitafunia kushoto. Alimaliza kipande chote, akaomba kingine."

Akajifunika uso kwa upindo wa khanga. Nikamsogelea, mabega yetu yakagusana, tukalia pamoja.