Nafasi Yangu Kwenye Benchi la Kingi

Nakumbuka Jumapili moja pale Kingi, kwetu Masisi, baada ya misa, nilipopigwa ngumi mpaka masikio yakaimba. Unacheka, mwanangu? Cheka tu, hata mimi nacheka sasa. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umeshindwa pambano lako, umetundika glavu ukutani, na unawaambia watu kwamba jina lako limekwisha.

Enzi zile vita kubwa ilikuwa imeisha si zamani, na Papa Bauma alikuwa amerudi kutoka jeshini na kitu kipya: ngumi zenye sheria. Alitufundisha sisi vijana wa Masisi kwenye uwanja ulio kando ya soko, tukivaa glavu za gunia alizotushonea mwenyewe. Mizani hatukuwa nayo. Mzito alipigana na mwepesi, halafu wazee wakajiuliza swali moja: watu hawa wote wangekuwa na uzito mmoja, nani angekuwa mbele? Jibu lao lilikuwa benchi. Bondia bora aliketi karibu na chungu cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na alikuwa wa kwanza kunywa. Aliyemfuata kwa ubora aliketi baada yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa benchi, ambako chungu kilifika kikiwa na machicha tu.

Mimi nilikuwa mwembamba hata mama alinionya nisitoke upepo ukivuma. Lakini miguu yangu haikutulia, na vijana wote wa pale nilikuwa nimeshawapiga, hata Bahati seremala, mwenye mabega mapana ya kubeba mbao. Basi nafasi ya kwanza ilikuwa yangu, na niliipenda kuliko chakula. Nilipopita sokoni, akina mama walinisalimu wao kwanza.

Ndipo akaja Safari, mwindaji wa Mpofi, kule msituni Walikale. Alikuwa amesikia habari za benchi letu, akataka kupigana na anayeketi mbele. Ungeweza kukata watu wawili kama mimi kutoka mwili wake na bado ukabaki na mtu. Nilimzunguka, nikamgonga pua, watu wakashangilia, nami nikafanya kosa la kuwasikiliza. Akanipata ubavuni. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena, nikainuka. Tulimaliza nikiwa bado nimesimama, ila hakuna aliyehitaji kuuliza nani ameshinda.

Sikuwangoja wazee. Nilichukua shati langu nikaenda kuketi mwisho kabisa wa benchi, mahali pa machicha. Niliona aibu kweli, na moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba glavu zile sitazivaa tena. Nikadhani nao wazee watanisifu kwa unyenyekevu wangu.

Papa Bauma alinitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikutuma kwenda kule?"

"Ni mimi mwenyewe, Papa. Si amenipiga?"

"Amekupiga, ndiyo. Lakini benchi haiko yako. Huyu Bahati, ulimupiga. Wale wengine wote, uliwapiga. Ukikala ku mwisho, wao walipigwa na nani? Na mutu bure?"

Niliwatazama wenzangu wa benchi, nikaona kweli wamenuna, maana kwa kujishusha kwangu nilikuwa nimewashusha wote. Kisha Safari, aliyekuwa akijifuta damu puani, akaongea kwa mara ya kwanza tangu tumalize kupigana.

"Na mimi, Papa? Nimetoka Mpofi na miguu. Kama huyu iko mutu wa mwisho, mimi nilikuja kupiga nani?"

Wazee wakacheka, wakashauriana. Wakasema mtu mwepesi aliyesimama mpaka mwisho mbele ya mtu mzito namna ile hateremki mbali. Safari wa kwanza, mimi wa pili. Bahati ndiye aliyenung'unika kutwa nzima, kwa kuwa aliteremka hadi nafasi ya tatu bila kupokea ngumi hata moja! Safari akasogea, akapiga ubao kwa kiganja chake kikubwa kunionyesha pa kukaa, na alipomaliza kunywa akanipa mrija kwa mkono wake.

Basi sikia, mwanangu. Kushindwa kunakushusha, sikufichi, lakini kunakushusha kadiri ya nani amekushinda na umepiganaje, na kipimo hicho hukishiki wewe. Waachie waliokuona. Ukikimbilia mwisho wa benchi kwa sababu ya pambano moja, unawatukana wote uliowahi kuwashinda, pamoja na yule aliyekushinda. Ondoa glavu zako ukutani kabla panya hawajazionja.

Mungu akupe miguu isiyochoka na mbavu ngumu kuliko zangu. Na siku utakapopigwa tena, kwa maana utapigwa, akujalie mshindi atakayesogea ili upate pa kukaa.